Waya wa Ghorofa ya Nne

Piroska alisimama katikati ya ngazi kuvuta pumzi, betri ya gari ameikumbatia tumboni, akasikia mlango wa kwao ukifunguliwa huko juu.

"Usishuke!" akapaza sauti.

"Sishuki. Nimesimama tu."

"Mbona nasikia ndala zako?"

Ndala zikanyamaza. Ambrus, mumewe, alikuwa ameshafika ghorofa ya tatu, mkono mmoja kwenye reli, mwingine kiunoni juu ya ule mkanda mpana aliopewa na daktari. Tangu gogo limwangukie msituni mwanzoni mwa vuli, hakuruhusiwa kuinua kitu kizito kuliko birika la chai. Alikuwa mwanamume mkubwa, mabega yake yakijaza ngazi, na sasa ilimbidi ajibanze ukutani ili mkewe apite na mzigo.

"Nipe basi nishike upande mmoja."

"Haina upande wa pili, Ambrus. Ni betri, siyo jeneza."

Ndivyo zilivyokuwa jioni zao tangu baridi ilipokaza. Kwetu huku Csík, milimani, majira ya baridi hayana utani. Betri kuukuu ikilala nje, asubuhi unaikuta imekufa, na gari la Piroska lilikuwa kuukuu kuliko betri yenyewe. Naye bila gari hakuwa na kazi. Alizunguka vijijini kuwahudumia wazee wanaoishi peke yao, kuwaogesha, kuwawashia majiko ya kuni, kuwapa dawa. Shirika lililomwajiri lilimpa mafuta tu, mengine yote yalikuwa juu yake. Na kazi hiyo ndiyo iliyoimaliza betri: nyumba hii, zima, nyumba ile, washa, mwendo mfupi mfupi usiorudisha chochote kilicholiwa na stata. Betri mpya ingemeza nusu ya mshahara, na mshahara huo ndio uliowalisha wote wawili.

Aliitua betri jikoni juu ya magazeti, akabana vichwa vyake kwa klipu za chaja. Chaja ikaanza kunguruma. Wakaketi kwenye supu ya maharage na mfupa wa nguruwe wa kukaushwa kwa moshi, lakini Ambrus hakushika kijiko.

"Lóránd wa ghorofa ya kwanza kaniuliza leo kama kuna siku utanipandisha na mimi mgongoni," alisema.

"Ukamjibu nini?"

"Nikacheka. Ningefanya nini? Nilicheka, Piri. Nimesimama pale na ndala zangu, nacheka kama zuzu."

Piroska akaendelea kula. Vidole vyake vilikuwa bado vimekakamaa kwa betri, kijiko kikagonga meno.

"Nina wazo," Ambrus akaendelea, sasa amemwinamia. "Zile nyaya zangu za msituni, za rangi ya machungwa, zipo mbili stoo. Nikiziunga zinafika chini. Tunachomeka hapa kwetu, waya unapita chini ya mlango, unashuka hadi lile dirisha la ngazini, unatoka nje hadi kwenye gari. Chaja tunaiweka chini ya boneti. Betri inalala garini, na wewe unalala kama binadamu."

"Na Dezső?"

"Dezső ni msimamizi wa jengo, siyo mfalme. Umeme ni wetu, unapita kwenye mita yetu. Kosa liko wapi?"

Piroska hakulipenda wazo hilo. Lakini alipofikiria zile ngazi, moyo ulimlainika.

"Haya," alisema. "Kesho tujaribu."

*

Kesho yake jioni Ambrus aliutandaza waya kwa uangalifu wa mtu anayetandika meza ya sikukuu. Aliubana pembeni mwa vidato asije mtu akajikwaa, akaunganisha nyaya mbili pale dirishani, akauteremsha nje polepole huku Piroska akiupokea chini kwenye theluji. Alikuwa na furaha. Alipiga hata mluzi.

Ubaya ni kwamba dirisha lile lilikuwa kando ya kisanduku cha mita ya ngazi, mita ya taa za jengo zima. Na ufunguo wa kisanduku hicho mzee Dezső aliuvaa shingoni.

Alitokea bila kusikika, mzee mkavu aliyevaa kofia ya manyoya hata ndani ya jengo. Akautazama waya, akakitazama kisanduku.

"Umeme wa nani huu?"

"Wetu," alisema Ambrus.

"Mbona unapita hapa?"

"Maana dirisha liko hapa. Jiko letu linatazama nyuma, gari liko mbele. Unataka niuzungushe kupitia Budapest?"

Milango miwili mitatu ilifunguka kidogo. Hapo Ambrus angeweza kumshika mzee mkono, akampandisha hadi jikoni, akamwonyesha soketi, na mambo yakaishia hapo. Lakini alikuwa ameona Lóránd amesimama chini anasikiliza, na kwa miezi mingi yeye ndiye aliyekuwa akichekwa.

"Mzee Dezső," alisema kwa sauti ya kusikika, "wewe kalinde balbu zako. Huu ni umeme wa watu wazima."

Ngazi nzima ikacheka. Lóránd alicheka mpaka akashika reli. Mzee Dezső hakucheka. Alizigusa nyaya pale zilipoungana, kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima vumbi.

"Bili ya ngazi imepanda," alisema. "Huu ni mwezi wa pili inapanda. Tutaona." Akashuka kwake.

Mezani Ambrus alisimulia habari hiyo mara mbili, akiigiza hata ile kofia, na Piroska akacheka hadi machozi. Ulikuwa umepita muda mrefu hajamwona mumewe amechangamka hivyo. Alilala mapema, mikono imepumzika.

*

Asubuhi kipimajoto cha dirishani kilionyesha nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Piroska aliposhuka aliukuta waya pale dirishani. Mtu alikuwa amezichomoa nyaya mbili pale zilipounganishwa, akaukunja ule wa nje vizuri kabisa, duara juu ya duara, akautundika kwenye komeo la dirisha.

Alibaki akiutazama. Kisha akakimbia nje.

Alizungusha ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka kidogo, zikafifia, kikasikika kimlio kama cha ulimi unaobofya. Akarudia. Kimya. Gari lilikuwa limelala nje na betri tumboni, bila chaji, katika baridi ile.

Akampigia simu Bibi Rozália, bibi kizee aliyemhudumia wa kwanza kila asubuhi. Haikupokewa. Hilo peke yake halikuwa la ajabu, simu ilikuwa jikoni na bibi chumbani, na tangu avunjike nyonga hakutoka kitandani mpaka Piroska afike. Ila jiko lake hushika moto hadi alfajiri, halafu basi. Binti yake yuko Ujerumani, nyumba ya jirani iko mbali na imefungwa tangu vuli.

Lóránd akatoka na gari lake jipya, linang'aa, linatoa mvuke.

"Lóránd, nibusti kwa betri yako! Dakika mbili tu!"

Akashusha kioo nusu. "Dada Piroska, ningekubusti, haki ya Mungu. Lakini hili lina kompyuta. Fundi kaniambia nikimbusti mtu linaungua, gharama juu yangu."

"Basi nipeleke. Kijiji cha pili tu baada ya daraja."

"Naelekea upande mwingine, dada. Nimechelewa." Kioo kikapanda. Akapunga mkono, na kwa kweli uso wake ulionyesha huruma.

Alipiga simu ya teksi. Wakamwambia teksi zote mbili za mji nazo hazijawaka. Ambrus akashuka, koti juu ya nguo za kulalia, waya mkononi.

"Nitamuua yule mzee."

"Kamuue baadaye!" Piroska alimkemea. "Sasa hivi nitafutie mtu wa kunibusti. Bibi Rozália hana moto, hapokei simu. Umenisikia? Hana moto!" Akageuka, akaanza kukwangua barafu kwenye kioo cha mbele. Gari lilikuwa maiti, naye akawa analiosha uso, maana hakujua mikono yake aifanyishe nini.

Ambrus aliangalia uwanja mzima. Magari yaliyobaki yalikuwa yamefunikwa theluji tangu Krismasi. Gereji ilikuwa moja tu, ya mzee Dezső.

*

Mzee alifungua mlango akiwa na kikombe cha chai. Hakushangaa.

"Ni wewe uliyechomoa," alisema Ambrus.

"Ni mimi. Waya usiojulikana, karibu na mita ya jengo. Ni wajibu wangu."

Ambrus akashika fremu ya mlango. "Tutaongea siku nyingine. Naomba utusaidie kubusti gari. Mke wangu ana mgonjwa."

"Nyaya ninazo. Na gari langu linawaka mara moja, halijui baridi ni nini." Mzee akanywa funda. "Lakini kwanza tuelewane. Sema mliunga umeme wa ngazi."

"Hatukuunga."

"Basi hatujaelewana."

Mlango ukaanza kufungwa. Ambrus akaingiza mguu wake na ndala. "Mzee Dezső, kuna bibi kizee huko kijijini yuko kitandani hana moto. Mtu atakufa!"

"Na mimi nina jengo zima linaloniuliza kwa nini bili imepanda!" Sauti ya mzee ilipanda ghafla, ikatetemeka. "Wanasema ni mimi ninayekula. Miaka arobaini na mbili nimefanya kazi reli ya treni, sikuchukua hata skrubu, leo wananisema ngazini! Sema ni nyinyi, nakupa nyaya. Sema watu wasikie."

Na watu walikuwa wanasikia. Mke wa mzee alikuwa nyuma yake na taulo begani. Juu, mlango wa Mwalimu Aranka ulikuwa wazi. Mwalimu mstaafu, mwembamba, amesimama na mfuko wa taka mkononi. Wengine walikuwa wamechungulia juu ya reli.

Kule nje kikwanguo kilikuwa kinalia kwenye kioo, kwaru, kwaru, bila kupumzika.

"Tuliunga," alisema Ambrus.

"Kwa sauti," alisema mzee.

"Tuliunga umeme wa jengo. Samahani."

Akainua macho, yakakutana na ya Mwalimu Aranka. Mwalimu akamtazama, akatazama sakafu, kisha akaingia ndani na mfuko wake wa taka na kufunga mlango taratibu.

Piroska aliona tu mzee Dezső analileta gari lake na nyaya, Ambrus nyuma yake, uso mwekundu. Akadhani ni baridi. Nyaya zikabanwa, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, gari likatetemeka, likaguguma, likawaka na kutoa wingu la moshi.

"Mungu akubariki, mzee Dezső," alisema Piroska, na alimaanisha.

"Usilizime," alijibu mzee, bila kumtazama.

*

Madirisha ya Bibi Rozália yalikuwa yameganda kwa ndani. Chumbani, kikombe cha maji kando ya kitanda kilikuwa na utando wa barafu. Bibi alikuwa chini ya duveti ya manyoya, kitambaa cha kichwa kimefika machoni, midomo ya buluu.

"Nili... nilijua umekufa," alisema. Maneno yalitoka mazito, yameshikana.

"Sijafa, bibi. Ni betri."

"Betri." Akatafuta pumzi. "Marehemu mume wangu alikuwa na farasi. Hakuzimika hata siku moja yule."

Piroska alitaka kucheka akashindwa. Aliwasha jiko, magome makavu kwanza, kisha vipande vyembamba, mikono ikimtoka kasi. Lakini chumba kama kile hakipati joto upesi, na bibi alikuwa ameacha kutetemeka, jambo ambalo Piroska alijua si zuri hata kidogo. Akavua viatu na koti, akaingia chini ya duveti, akamkumbatia. Alikuwa mwepesi mno, mifupa na flana. Wakakaa hivyo, nje gari likinguruma peke yake na kunywa mafuta, mpaka hatimaye bibi akaanza tena kutetemeka, kwa nguvu, meno yakigongana.

"Hivyo hivyo, bibi. Tetemeka."

"Usinibane, una viwiko vikali."

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Etelka, mkuu wake wa kazi, na Piroska akaanza kueleza kwamba amechelewa lakini bibi yuko salama, na kwamba atampigia daktari sasa hivi. Etelka akamkatiza.

"Piroska, mimi sitaki kuamini. Ni kweli mnaiba umeme wa jengo?"

"Nini?"

"Mumeo amekiri. Mbele ya watu. Mke wa Dezső tunaimba naye kwaya, kanipigia kabla sijavua koti." Etelka hakuwa na ukali, alikuwa amechoka. "Unajua kazi yetu. Wazee wanatupa funguo za nyumba. Mtoto wa mmoja wao tu akinipigia kutoka huko Ujerumani akaniuliza ni nani nimemtuma kwa mama yake, nitamjibu nini? Njoo ofisini kesho mchana."

Piroska alibaki na simu sikioni baada ya mwenzake kukata.

"Nani huyo?" aliuliza bibi.

"Ofisini."

"Wanasemaje?"

"Wanakusalimia."

*

Siku hiyo hakulizima gari mahali popote. Alimwogesha mzee mmoja huku akisikiliza kama injini bado inanguruma. Mwingine alimgombeza kwa kumjazia moshi uani na kuwatisha kuku. Mshale wa mafuta ulishuka, na mafuta hayo yalikuwa ya wiki nzima. Kazi ilipokwisha hakurudi nyumbani. Alipanda barabara ya mlimani hadi juu kabisa, akageuza, akashuka, ili tu betri ishibe kidogo. Njia nzima alikuwa peke yake, akisema kwa sauti maneno atakayomwambia Ambrus, na kila alipoyarudia yalikuwa mabaya zaidi.

Kwenye uwanja alilizima. Akafungua vichwa vya betri kwa spana, akaichomoa, akaipandisha. Katika ghorofa ya pili mwanamke mmoja aliyekuwa akimsalimu kila siku akapita akitafuta kitu mkobani mwake.

Ambrus alikuwa amepika viazi. Meza ilikuwa imetandikwa.

"Ulisema sisi ni wezi," alisema Piroska, betri bado mikononi.

Ambrus alikaa. "Nani kakwambia?"

"Etelka! Ameniita ofisini! Nilikuwa nimelala na bibi kizee kitandani namrudishia uhai, ananiuliza kama ni mwizi, na mimi sijui hata anazungumzia nini!" Aliitua betri kwa kishindo. "Nikampa na baraka yule mzee. Nilimwambia Mungu akubariki!"

"Angenifungia mlango, Piri. Ningefanya nini?"

"Ungeniuliza."

"Ulikuwa unakwangua kioo. Ulisema hana moto. Ulisema nitafute mtu, nikamtafuta."

"Ningetembea kwa miguu!"

"Kwenye baridi ile? Ungefika mchana."

"Ningefika nimechelewa, lakini ningefika mimi Piroska, siyo mwizi! Sasa nikimshika bibi mkono, binti yake atahesabu pete."

Viazi vilikuwa vinapoa. Ambrus aliitazama mikono yake mikubwa iliyolazwa mezani.

"Sina kingine cha kutoa," alisema taratibu. "Mgongo sina. Kazi sina. Pesa ni zako. Nilikuwa na jina tu, nikalitoa, nikidhani ni langu."

"Lilikuwa letu."

Ambrus alisimama, akakaza mkanda wake, akavaa viatu, vile vya msituni ambavyo hakuwa amevivaa tangu vuli. Kuinama kuvifunga kamba kulimchukua muda, na Piroska, kwa hasira yake, hakumsaidia.

"Unakwenda wapi?"

"Chini."

*

Alianzia ghorofa ya kwanza. Lóránd alifungua akiwa na rimoti mkononi.

"Asubuhi nilisema tuliiba umeme," alisema Ambrus. "Nilidanganya. Hatukuiba."

"Aa, kaka, mimi wala sikujali."

"Sikuulizi kama unajali. Nakwambia hatukuiba. Na kubusti hakuunguzi kompyuta."

Mlango uliofuata walimsikiliza bila kusema neno. Kwenye mwingine mwanamume alimcheka: "Kwa hiyo siyo mwizi, ni mwongo?" Ambrus akasema, "Ndiyo, ni mwongo," akaenda zake. Katika mlango wa nne walizima televisheni wakajifanya hawapo, naye akayasema yale yale kwa mlango uliofungwa, kwa sauti, mpaka mwisho. Ngazi zilimchoma kiunoni kwa kila kidato. Alikuwa akipanda kwa mguu wa kulia tu, wa kushoto akiuvuta.

Mwalimu Aranka alimfungulia kabla hajabisha.

"Mwalimu, asubuhi nilisema—"

"Najua. Hamkuiba."

"Unajua?"

"Waya ulitoka chini ya mlango wenu. Niliuruka na miguu yangu hii. Nina macho, Ambrus."

"Sasa mbona hukusema? Ulikuwa umesimama pale pale."

Mwalimu akaivuta shali yake. Alifikiri, kama mtu anayetaka kutoa jibu sahihi.

"Kulikuwa na baridi pale ngazini, mwanangu," alisema. "Nilitaka kufunga mlango."

Wakatazamana. Kisha mwalimu akasema kwa haraka, macho pembeni, "Huyo Etelka nimemfundisha kusoma mimi. Nitampigia." Na safari hii pia akafunga mlango.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Dezső, maana aliuruka makusudi, na ilimbidi ashuke tena.

"Nimekuja kuyafuta niliyosema."

"Uliyasema mbele ya watu," alisema mzee.

"Na nimeyafuta mbele ya hao hao, mlango kwa mlango. Umebaki wewe."

"Basi kesho gari likigoma usinigongee."

"Sitakugongea."

Mzee hakufunga. Alishika kitasa akikizungusha huku na huku. Bila kofia kichwa chake kilikuwa kidogo, na upara wenye madoa. "Na bili je? Bili imepanda kweli. Niwaambie nini? Wananiona mimi ndiye mwizi."

"Sasa unajua ilivyo," alisema Ambrus.

Lakini alipoanza kupanda kwenda kwake, mgongo ulimkatalia. Alifika nusu ya ngazi za kwanza akakaa kwenye kidato, taa ya ngazi ikajizima, akabaki gizani akishika reli. Akasikia mlango wa juu, kisha hatua. Piroska akaketi kando yake.

"Mgongo?"

"Mgongo."

"Etelka kapiga simu," alisema. "Mwalimu kamfokea kama yuko darasa la kwanza. Anasema nisije ofisini, niende kazini."

"Vizuri."

"Halafu kasema, 'Lakini Piroska, kwa nini hununui tu betri mpya?'"

Ambrus akaanza kucheka, ikamuuma, akaacha. Piroska hakucheka. Bado alikuwa amekasirika, na alijua atakasirika siku kadhaa. Lakini aliweka mkono chini ya kwapa la mumewe, akasubiri, na alipokuwa tayari wakasimama pamoja.

*

Asubuhi baridi ilikuwa ile ile. Piroska alishuka na betri tumboni, imeshiba chaji, nzito vile vile, ghorofa baada ya ghorofa. Mzee Dezső alikuwa chini kabisa, ndani ya mlango mkubwa, na ndoo yake ya majivu ya kumwaga nje watu wasiteleze. Alipomwona akageukia ndoo, akaanza kuchokoa kitu ambacho hakikuwamo.

Mlango mkubwa wa jengo una springi kali. Kila asubuhi Piroska huiweka betri chini, akausukuma kwa mgongo, akauzuia kwa mguu, akainama kuichukua tena. Leo hakuiweka chini.

"Mzee Dezső."

"Nini?"

"Nishikie mlango."

Mzee akaitazama ndoo. Akamtazama yeye, na betri, na mikono iliyovilia damu kwenye vidole. Akatua ndoo, akausukuma mlango, akaushika. Piroska akapita ubavu kwa ubavu naye bila kusema asante.

Aliipachika betri, akakaza vichwa vyake kwa spana, vidole vikinata kwenye chuma. Akafunga boneti, akaingia, akazungusha ufunguo. Gari lilinguruma likaacha. Likanguruma tena, likaacha. Mara ya tatu likashika. Akawasha taa, akarudi nyuma taratibu, akageuza kuelekea barabarani, na mwanga ukapita kwenye ukuta wa jengo hadi mlangoni. Mzee Dezső alikuwa bado ameushika mlango wazi, baridi yote inaingia ndani. Hakuna aliyemwambia aachie.